Kadi Isiyokuwa Kwenye Orodha

Alhamisi, 3 Aprili 2008

Daftari hili lilikuwa la oda za harusi. Tangu Januari hakuna aliyeoa, au walioa bila kutaka kupigwa video, kwa hiyo kurasa zimebaki nyeupe na mimi sipendi karatasi ikae bure. Nitaandika humu mpaka mvua iishe.

Mvua yenyewe imeanza leo saa nane, ya mawe, na oda ya kwanza imeingia nayo. Kijana mrefu mwenye koti la kijani alisimama mlangoni akipangusa viatu kwa adabu. Anaitwa Kevin. Anaoa Agosti, msichana wa Ainabkoi anayeitwa Faith. Koito, ile siku ya wazee kuposa, itakuwa Mei. Anataka kamera mbili, na majina yanayoruka kwenye skrini.

"Kama ya sinema, madam."

Nilimjua kabla hajavua kofia. Yeye hakunijua, au alijifanya. Januari alisimama hapo hapo mlangoni, watu kama thelathini nyuma yake, na siku hiyo hakupangusa viatu.

Nimeiandika oda yake.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Nimejaribu majina yanayoruka. Mashine imekwama mara sita.

Jumatatu, 7 Aprili

Tatizo ni kadi ya grafiki, yaani ile inayosukuma picha kwenye skrini. Yetu ni ya zamani. Adero, anayetuuzia vipuri kutoka Nairobi, anazo mbili: kubwa ambayo siiwezi, na ndogo ambayo naiweza. Ndogo peke yake haitoshi kwa kazi hii.

Mungai alikuwa na dawa ya jambo hilo. Kuna programu inayoifanya kadi iende mbio kuliko mwendo wa kiwandani. Ukiikimbiza ndogo vizuri, inaikaribia kubwa. Alipenda kusema kwamba katika mji huu kila kitu lazima kikimbie, hata kadi.

Ila si kila kadi inakubalika. Kabla ya kuigusa, programu husoma namba ya kadi na kuitafuta kwenye orodha yake. Isipoiona, vitufe vyote hubaki vya kijivu, na wewe umebaki na kadi ya kutembea. Na Adero hana utani:

"Mimi nikishatuma kwa basi, haijui njia ya kurudi. Check kabla ulipe, dear."

Gerishon Mungai ni mshirika wangu. Mimi kamera, yeye mashine, miaka minne. Sasa yuko Nyahururu kwa dada yake Waithira, anafanya kazi kwenye saiba, duka la intaneti. Hatujaongea tangu Januari.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekaa saiba saa mbili nikisoma orodha ya kadi, moja moja, kwa kidole. Kadi ya Adero haimo. Zimo ndugu zake, mkubwa na mdogo. Yeye hayumo.

Jumamosi, 12 Aprili

Stima zimepotea tangu asubuhi. Mama Jepkemboi, fundi wa nguo wa mlango wa pili, ameniuliza tena Mungai atarudi lini. Nimesema sijui. Amesema kimya kingi kina mshindo. Nimesema labda.

Jumapili, 13 Aprili

Sijaenda kanisani. Nimeona niandike ya Januari mara moja, niyatoe njiani.

Ilikuwa Jumatano, tarehe mbili, siku tatu baada ya kutangazwa matokeo ya uchaguzi, na watu wa kabila la Mungai walikuwa wakifukuzwa mjini. Mungai alikuwa amelala dukani siku tatu kwa sababu chumba chake Langas hakikuwa tena mahali pa kulala mtu. Nilimletea chapati na chai kwenye chupa. Hata hakuwa amemaliza kikombe tuliposikia mabati yakigongwa chini kule mwisho wa barabara. Nilimsukuma chumba cha nyuma, kati ya ukuta na kabati la kanda, nikamfunika kwa kile kitambaa cheusi cha kupigia picha. Nikafungua mlango mwenyewe, maana mlango uliofungwa ndio uliokuwa ukivunjwa.

Kijana wa mbele aliongea kwa Kiswahili.

"Hii duka ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na huyu Mungai kwa hiyo bango?"

Bango letu lilisema MUNGAI NA JEMUTAI VIDEO. Yeye mbele kwa sababu tulirusha shilingi hewani akashinda.

"Alikuwa mfanyakazi tu," nikasema. "Nilimfukuza kitambo. Hana chochote hapa."

Aliniangalia. Nikarudia kwa Kinandi, lugha yetu sisi wawili, ndipo mabega yake yakashuka.

"Basi futa. Kama ni yako, hatukuja na ubaya."

Nilitoa mkebe wa rangi nyeusi tuliyopakia ukuta wa studio, nikapanda juu ya kiti, nikafuta jina la Mungai. Wote waliningoja nimalize. Mmoja alinishikia kiti kisiyumbe. Kisha wakaenda barabara nyingine, na huko moto uliwaka siku mbili.

Nilipofunua kitambaa, Mungai alikuwa ameketi kikombe mkononi, chai haijamwagika. Kesho yake lori la polisi likampeleka uwanja wa maonyesho pamoja na wengine waliofukuzwa. Alipanda bila kuniaga, nami nikasema ni haraka ya lori.

Watu wananisifu. Mchungaji alinisimulia mimi mwenyewe hadithi yangu mbele ya waumini. Ni kweli niliokoa mtu na duka. Lakini leo naandika, na hakuna mchungaji hapa: alisikia kila neno, na jina lake bado jeusi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwandikia ujumbe wa simu: "Sasa Mungai. Nataka kununua kadi, haiko kwa orodha ya programu. Nifanye nini?"

Nilifuta mara tano kabla ya kutuma. Yale matoleo mengine matano hayakuhusu kadi.

Alhamisi, 17 Aprili

Amejibu. "Version gani ya programu?"

Basi. Hata salamu hakuna. Nimefurahi kama mjinga.

Jumanne, 22 Aprili

Nilimtumia. Leo anasema: "Usinunue bado. Mwambie Adero akusomee namba ya kadi yenyewe. Sio ya boksi. Herufi na namba nne, ziko kwa stika nyuma ama aiweke kwa mashine aone."

Ijumaa, 2 Mei

Adero amelalamika wiki nzima kwamba yeye si karani wangu, kisha leo ameiweka kadi kwenye mashine yake akanisomea. Nimempelekea Mungai. Baada ya saa moja: "Ni ile ile ya ndugu yake, tofauti ni tarakimu ya mwisho. Kuna faili ndani ya programu yenye orodha. Ukiongeza hiyo namba kwa mkono, itakubali. Nunua. Angalia kama pawa saplai yako inatosha."

Niliinama nyuma ya mashine na tochi kusoma stika ya pawa saplai, ile inayoilisha mashine umeme. Inatosha. Aliinunua yeye mwaka juzi, na nakumbuka nilimgombeza kwa kununua kubwa kuliko tulivyohitaji.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Mvua. Watu wamepanda mahindi wengine wamechelewa, bei ya mbolea haishikiki.

Jumamosi, 24 Mei

Koito, Ainabkoi. Matope hadi kwenye kifundo.

Wazee wa pande mbili waliingia ndani wakaanza na ukoo. Wewe ni wa ukoo gani, mama yako alitoka wapi, mnyama wenu ni yupi. Ng'ombe hawatajwi mpaka ijulikane kwamba koo hizo zinaruhusiwa kuoana. Zikikataa, chai inanywewa na watu wanarudi kwao. Nikiwa na kamera begani nilimkumbuka Adero: check kabla ulipe. Nilicheka peke yangu, mzee mmoja akanitazama vibaya.

Koo zilikubaliana. Tukatoka nje na mvua ikatoka nasi. Umati, miavuli ya kila rangi, wanawake wakipiga vigelegele. Kevin akapewa nafasi ya kushukuru, akaongea Kiswahili kwa ajili ya wageni wa kazini kwake. Nilikuwa naangalia mwanga, sio maneno. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka huu, na pia nzito kuliko zote kwa mashine.

Jumanne, 3 Juni

Kadi imefika kwa basi. Nimeiweka. Vitufe vya kijivu, kama tulivyojua. Nimelifungua lile faili la orodha. Lina mistari kama biblia. Nimeongeza namba mahali nilipodhani, na programu ikakataa kufunguka kabisa. Nimerudisha nilivyolikuta.

Nimemwandikia: "Nimeshindwa."

Jumatano, 4 Juni

"Jumamosi ya tarehe 14 niko off. Nitakuja asubuhi, nitarudi mchana."

Nimepiga deki mara mbili. Bango nililiangalia pia. Nilifikiri: nikilirudisha sasa, ataona nimefanya kwa sababu anakuja. Nikaacha. Ndivyo mtu anavyojidanganya kwa hoja nzuri.

Jumapili, 15 Juni

Jana sikuweza kuandika.

Alifika saa nne. Amekonda, amefuga ndevu. Alisimama nje kidogo akitazama juu, kwenye bango, kisha akaingia. Tukasalimiana kwa mkono kama watu wa benki.

"Dada yako Waithira hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia."

Akatazama ukuta. Leseni ya biashara ya mwaka huu imetundikwa hapo, na jina juu yake ni moja. Niliichukua mwezi wa tatu. Fomu ilitaka sahihi mbili au moja, na yeye hakuwepo. Aliisoma hadi chini kwenye muhuri, akavuta kiti chake cha zamani, akaketi.

Kazi yenyewe ilimchukua dakika kumi. Alifungua faili, akashuka akiihesabu mistari kwa midomo, akaandika namba, akahifadhi. Programu ikafunguka. Vitufe vikawa na rangi. Nilipiga makofi, na yeye alitabasamu kidogo, na kwa dakika hiyo moja ilikuwa mwaka jana.

"Sasa tuijaribu," akasema. "Nipe kipande kizito kuliko vyote. Kizunguke bila kusimama nusu saa. Kama kadi itakufa, ife leo nikiwa hapa."

Nikampa miavuli ya Ainabkoi. Sikufikiri. Naandika hivi si kwa kujitetea, ila ndivyo ilivyokuwa: mimi kijana yule nilimwona kwa macho, na kila nikimkumbuka naona koti na mabega. Sikukumbuka kwamba Mungai alikuwa nyuma ya kabati chini ya kitambaa. Yeye hakuona kitu. Alikuwa na masikio tu.

Picha ikaanza. Majina yakaruka vizuri, bila kukwama. Kisha sauti: "Tunashukuru mmetufungulia mlango. Sisi hatukuja na ubaya."

Mkono wa Mungai ulitoka kwenye kipanya ukakaa juu ya goti.

Kipande kikazunguka, kikaanza upya. Tunashukuru mmetufungulia mlango. Sisi hatukuja na ubaya.

"Huyu ni nani?"

"Bwana harusi."

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu Aprili."

Nikanyoosha mkono nizime sauti. Akasema, "Wacha. Nusu saa haijaisha."

Tukaketi. Kwenye kona ya skrini kuna tarakimu ya joto la kadi. Sitini na nane. Sabini na moja. Kila baada ya sekunde arobaini Kevin alishukuru kwa kufunguliwa mlango. Mvua ilikuwa ikipiga mabati na sikuwahi kuombea hivyo mvua iongezeke. Sabini na sita.

Ndipo akaongea, macho kwenye tarakimu.

"Siku ile ulisema vizuri, Jemutai. Niko hai juu ya ile maneno. Hata mimi ningesema hivyo hivyo."

"Mungai—"

"Ngoja. Siku ile ulisema vizuri. Lakini February, na jina langu bado jeusi, ulikuwa unaambia nani? Watu walikuwa wameenda. March, pale council kwa leseni, nani alikuwa amekushikia kiti?"

Ningeweza kusema niliogopa, na ingekuwa nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilizoea. Ilikuwa rahisi duka kuwa langu. Niliona aibu, na naiona hata sasa ninapoandika, masikio yanawaka.

"Nilizoea," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa namba aliyokuwa akiijua.

Joto lilifika themanini na mbili likatulia hapo. Nusu saa ikaisha. Alihifadhi mipangilio, akaandika kitu kwenye mashine, akavaa koti. Nilimwambia ngoja chai. Akasema gari. Hakuchukua nauli niliyompa.

Jumatatu, 16 Juni

Kwenye programu ameacha mipangilio miwili. Mmoja unaitwa "kawaida". Wa pili, ule wa mbio, unaitwa "mungai". Na barua fupi kwenye skrini: "Ya pili usiiwashe kama hakuna mtu wa kukaa na kuangalia joto. Ikipita 85 zima."

Jumamosi, 28 Juni

Nimemwandikia. Hajajibu.

Alhamisi, 10 Julai

Mvua ya mawe. Mahindi ya kina Mama Jepkemboi huko Kesses yamechanwa majani yote.

Jumapili, 20 Julai

Sijamwandikia tena. Nimetambua kwamba kila ujumbe niliomtumia mwaka huu ulikuwa wa kumwomba kitu.

Jumamosi, 16 Agosti

Harusi. Keki ya ngazi sita, mvua saa tisa. Kevin alinishukuru mbele ya watu. Nilimpiga picha kwa upande wake mzuri, kwa sababu hiyo ndiyo kazi.

Jumanne, 26 Agosti

Siku nne nimeunganisha video kwa ule mpangilio wa "mungai". Nimekaa kando ya mashine muda wote, tarakimu mbele yangu, chakula mapajani. Sikuzidisha themanini na tatu. Mwishoni, pale majina ya watengenezaji yanapopanda, nimeweka: KAMERA, JEMUTAI. MASHINE, GERISHON MUNGAI. Na namba za simu za wote wawili, kama zamani.

Alhamisi, 28 Agosti

Kevin amekuja kuona kabla ya kuchukua nakala. Alicheka, alilia kidogo alipomwona nyanya yake, alipenda majina yanayoruka. Nakala ishirini na tano, za koo mbili na za kanisa. Kisha yakapanda majina ya mwisho.

Nilijua amefika pale kwa sababu kiti kiliacha kulia.

"Huyu Mungai ni nani?"

"Mwenye duka. Pamoja na mimi."

"Si ulisema…" Hapo ndipo nilipojua kwamba alinikumbuka tangu Aprili, kama nilivyomkumbuka.

"Nilisema uongo. Alikuwa hapo nyuma, kwa kabati la kanda. Alisikia yote."

"Siku hiyo alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani. Na mwezi wa sita alikusikia tena, kwa koito yako, akitengeneza mashine ya hii video. Alikujua kwa sauti."

Mvua ilikuwa imekatika. Kevin alizungusha pete yake mpya kwenye kidole. Bado haijamzoea.

"Na akatengeneza?"

"Akamaliza."

Akarudisha macho kwenye skrini. "Baba yangu ataona hiyo jina. Na wazee wa Ainabkoi. Huwezi toa tu? Sio kwa ubaya."

"Ukitaka bila hilo jina, itabidi utafute video nyingine. Hiyo ndiyo nimetengeneza."

Nilikuwa naogopa. Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka, lakini ilitoka. Kevin akasimama, akachukua lile boksi la nakala, zote ishirini na tano. Mlangoni alitazama juu.

"Hiyo bango. Mimi ndio nilikwambia ufute."

"Na mimi ndio nilifuta," nikasema.

Akaenda na boksi lake. Sijui atalifanyia nini. Nikatoa kiti nje, nikapanda na wembe na kitambaa cha mafuta taa. Rangi nyeusi inatoka pole pole, kwa magamba. Mama Jepkemboi alitoka na futi yake shingoni, akaniangalia nikifika kwenye herufi ya tatu. Akaja akanishikia kiti.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimepita ofisi za baraza. Leseni ya mwaka huu haibadiliki. Fomu ya mwakani wamenipa, ina mistari miwili ya sahihi. Nimeiweka chini ya kibodi. Sikujaza wangu.

Nimemwandikia Mungai ujumbe, na safari hii sikumwomba kitu: "Nimekwangua bango. Jina lako liko mwisho wa ile video, na yeye ameliona. Nimemwambia ulikuwa ndani."

Jumamosi, 30 Agosti

Kimya.

Jumatatu, 1 Septemba

Jua tangu asubuhi.

Jumatano, 3 Septemba

Saa tano na dakika kumi, simu imelia mezani, ujumbe wa Mungai.

"Kadi inafika joto ngapi siku hizi?"

Nikakimbilia mashine, nikaiwasha kwa "mungai", nikaweka miavuli ya Ainabkoi, nikakaa nusu saa kamili bila kupepesa. Themanini na tatu. Ilikuwa themanini na mbili mwezi wa sita. Nikamwandikia.

Amejibu papo hapo. "Imepanda moja. Ni vumbi kwa feni. Nakuja Jumamosi, nitalala kwa binamu. Usifungue, utavunja."

Bisibisi ilikuwa tayari mkononi mwangu. Nimeirudisha kwenye droo.